Viwanda vya wiski na makasri ya Speyside: dhana potofu na ukweli

Watu wengi wanaopanga kulitembelea bonde la mto Spey, yaani Speyside, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, hutenga siku moja kwa ajili ya viwanda vya wiski na nyingine kwa ajili ya makasri, wakidhani kwamba hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Historia inasema vingine. Kabla ya sheria ya mwaka 1823 kupunguza ushuru, wakulima wengi wa huko walipika wiski kwa siri kutokana na shayiri ya mashamba yao, kama gongo inavyopikwa vichakani kwetu. George Smith, mkulima aliyekodi ardhi ya kabaila wa Gordon huko Glenlivet, alipochukua leseni mwaka 1824, majirani walioendelea na magendo walimchukia hata akawa anatembea na bastola mbili. Uhusiano huo wa makasri, mashamba na wiski unaonekana hadi leo Ballindalloch, kwenye kasri la mwaka 1546 ambalo ukoo wa Macpherson-Grant ungali unaishi: shayiri hulimwa papo hapo, wiski hupikwa katika majengo ya zamani ya shamba, na machicha hulishwa ng'ombe wa Aberdeen-Angus, ambao kundi lao lilianzishwa mwaka 1860. Hata asiyegusa kilevi ana mengi ya kutazama hapo.

Dhana nyingine ni kwamba wiski huendelea kukomaa kabatini. Hukomaa ndani ya pipa la mwaloni tu, na sheria inataka ikae humo miaka 3 au zaidi, katika ardhi ya Uskoti. Kila mwaka takribani asilimia 2 hupotea hewani, nayo wenyeji huiita fungu la malaika. Chupa ya miaka 12 uliyoiweka miaka 20 ni ya miaka 12 vilevile, japo muuzaji anaweza kukupandishia bei.

Wako pia wanaoamini kwamba wiski yote ya Uskoti hunuka moshi. Harufu hiyo inajulikana zaidi katika kisiwa cha Islay. Speyside ni nadra.

Kosa lenye hatari zaidi ni kudhani kwamba kuonja kidogo hakumzuii mtu kuendesha gari. Tangu Desemba 2014 kiwango cha juu Uskoti ni miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu, ilhali Uingereza ni 80, na ndiyo sababu viwanda vingi humfungia dereva sehemu yake katika kichupa akanywe atakapofika.

Mwisho, wengi huchagua katikati ya kiangazi wakitumaini kuona kazi ikiendelea, kumbe huo ndio msimu ambao viwanda kadhaa husimamisha upishi kwa wiki kadhaa ili vifanyiwe matengenezo, na mgeni huoneshwa mitungi ya shaba iliyopoa. Wakati wa baridi nao, makasri mengi hufungwa. Anayetaka vyote viwili katika safari moja, ningemshauri aende mwezi Mei.