Si lazima ulipe saiba ili kujaza ritani za KRA
Kila Juni, saiba za Kisumu hufurika watu wanaoamini kwamba ritani za kodi za KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) hazijazwi bila kumlipa mtu. Si kweli. iTax, mfumo wa KRA wa kujaza ritani mtandaoni, haitozi hata senti, na ukikwama, maafisa wa KRA katika ofisi zao au Huduma Centre, Kisumu na hata Nakuru, hukusaidia bure. Beba PIN (namba yako ya mlipa kodi), kitambulisho na fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri, inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa.

Hiyo P9 ndiyo muhimu. Kuna vijana wa saiba (si wote, jamani) wanaomjazia mwalimu mwenye mshahara ritani ya sufuri, yaani ya mtu asiye na mapato, eti ndiyo ya haraka. Kosa likigunduliwa, anayeulizwa ni mwenye PIN. Usingoje wiki ya mwisho, foleni huwa ndefu. Tarehe 30 Juni ikipita, faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000.