Alama ya umri inapogeuka kufuli

Kazi yangu ni kuandaa gemu kabla hazijapelekwa kwenye bodi zinazopanga madaraja ya umri. Mtengenezaji akishamaliza, mimi huipitia gemu yake tukio kwa tukio, kisha najaza dodoso la bodi. Maswali yake ni ya kina kuliko watu wengi wanavyodhani. Damu ipo? Anayepigwa ni binadamu, au kiumbe asiyefanana na mtu? Anaumia kama mtu anavyoumia kweli, au anatoweka tu kama moshi? Ana namna yoyote ya kujitetea?

Kila jibu lina uzito wake. Katika mfumo wa PEGI, unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya tangu 2003, vurugu zisizo na uhalisia dhidi ya viumbe wa kubuni zinaweza kuipa gemu alama ya 7. Vurugu zikianza kufanana na za maisha halisi, alama inapanda hadi 16. Wakiuawa watu wasioweza kujitetea, ni 18. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Mzazi anayo haki ya kujua kilichomo kabla hajatoa pesa, na alama iliyopangwa vizuri humpa taarifa hiyo kwa kutupia jicho tu.

Kinachonisumbua ni pale taarifa inapogeuzwa kuwa kufuli, kisha tukaendelea kuiita taarifa.

Marekani ndiko jambo hili lilikojificha vizuri zaidi. Desemba 1993 maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliendesha vikao kuhusu vurugu katika gemu, na zilizowekwa mezani zaidi ni Mortal Kombat na Night Trap. Ujumbe kwa kampuni ulikuwa bayana: jipangieni utaratibu wenyewe, la sivyo serikali itawapangia. Mwaka uliofuata, 1994, kampuni zikaunda bodi yao wenyewe ya kupanga madaraja, ESRB. Kisheria, alama za ESRB ni za hiari. Tena California ilipojaribu kutunga sheria ya kuwatoza faini wanaowauzia watoto gemu zenye vurugu kali, Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa sheria hiyo mwaka 2011 kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema gemu zina kinga ileile ya uhuru wa kujieleza iliyo nayo vitabu na filamu.

Ukiishia hapo utadhani Marekani hakuna udhibiti. Lakini tazama ngazi mbili za juu za ESRB. M ni kuanzia miaka 17, AO ni kuanzia miaka 18. Tofauti ni mwaka mmoja tu, ila kampuni za konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu kama PlayStation, haziruhusu gemu za AO kwenye mashine zao, na maduka makubwa hayaziweki rafuni. Mwaka 2005 ilibainika kwamba ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas kulikuwa na tukio la ngono ambalo watengenezaji walikuwa wamelifungia, na wachezaji wakapata njia ya kulifungua. ESRB ikaihamisha gemu hiyo kutoka M kwenda AO, na maduka yakaiondoa. Ilibidi litolewe toleo jipya lisilo na tukio hilo ili irudishiwe M. Mimi naafiki kwamba tukio lile lilipaswa kuelezwa. Lakini nauliza, mwaka ule mmoja kati ya 17 na 18 ulimkinga nani? Aliyezuiwa ni mtu mzima, na hakuna ofisa yeyote wa serikali unayeweza kumpelekea malalamiko, kwa sababu hakuna ofisa aliyezuia kitu.

Australia walikuwa na tatizo la namna nyingine. Hadi mwisho wa 2012 daraja la juu kabisa la gemu lilikuwa MA15+. Filamu zilikuwa na R18+, gemu hazikuwa nayo. Gemu ya watu wazima ikifika mbele ya bodi, ilikuwa na njia mbili: ibanwe iingie kwenye daraja la miaka 15, au inyimwe daraja. Na kunyimwa daraja maana yake huwezi kuiuza popote nchini. Kwa hiyo, mpango uliotetewa kwa jina la watoto uliishia kusukuma baadhi ya gemu za wakubwa kwenye rafu ya wenye miaka 15.

Mwaka 2008 Fallout 3 ilinyimwa daraja huko. Kisa chake hakikuwa damu, ingawa damu imo tele. Kisa kilikuwa mofini. Mchezaji aliweza kumpa mhusika wake mofini ili asihisi maumivu ya viungo vilivyojeruhiwa, na miongozo ya bodi ilikataa dawa za kulevya zinazomnufaisha mchezaji. Mtengenezaji akabadili jina, mofini ikawa Med-X, na gemu ikapita. Mabadiliko hayo yaliingia katika matoleo ya dunia nzima, kwa kuwa kutunza matoleo tofauti ya gemu moja ni gharama na usumbufu. Hivyo mchezaji aliyekuwa Kanada au Uhispania alipata neno lililochaguliwa ili kuiridhisha bodi ya Australia, na huenda hadi leo hajui. Nikisema udhibiti huvuka mipaka, ndicho ninachomaanisha. Mara nyingi hufanyika studioni, kabla bodi haijaona hata picha moja, kwa sababu mtu kama mimi amesema, "Hili halitapita."

Carmageddon ya 1997 inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Ni gemu ya magari ambamo unapata pointi kwa kuwagonga wapita njia. Uingereza ilikataa toleo la asili, basi binadamu wakageuzwa mazombi wenye damu ya kijani. Ujerumani wakawa maroboti wanaovuja mafuta meusi. Gari ni lilelile, kitendo ni kilekile, pointi ni zilezile. Kilichobadilishwa ni rangi ya kimiminika. Kama hoja ilikuwa kwamba kitendo hicho kinafundisha ukatili, mabadiliko hayo hayakuigusa hoja. Huko Uingereza wachapishaji wa gemu baadaye walikata rufaa, wakashinda, na binadamu wakarudi.

Ujerumani inastahili kusemewa kwa uangalifu, kwa sababu marufuku yake ya alama za Kinazi ina historia nzito nyuma yake na siidharau hata kidogo. Ila kwa miaka mingi filamu iliruhusiwa kuonyesha swastika kama kazi ya sanaa, huku gemu ikikataliwa. Matokeo yake, toleo la Kijerumani la Wolfenstein II mwaka 2017, gemu ambayo kazi ya mchezaji ni kupambana na Wanazi, lilitoka na Hitler asiye na masharubu. Agosti 2018 bodi ya USK ilitangaza kwamba itakuwa inapima kila gemu peke yake, ione kama alama hizo zimetumika kwa sababu za kisanaa au za kihistoria. Ule ndio uamuzi wa kiutu uzima. Sheria haikufutwa, ila sasa kuna mtu anayelazimika kutazama kazi yenyewe kabla ya kusema hapana.

Serikali nyingine zimeacha kushughulika na yaliyomo, zikashika saa. Korea Kusini iliwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa sheria ya 2011, kisha mwaka 2021 ikaamua kuifuta. China tangu 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Hapo mzazi ameondolewa kabisa kwenye uamuzi.

Wakati huohuo, jambo ambalo mimi naliona ni hatari zaidi kwa mtoto limechelewa kuingia kwenye dodoso. Gemu yenye rangi za kuchangamka na wanyama wenye macho makubwa imekuwa ikiweza kupata alama ya 3, huku ndani yake kuna masanduku ya bahati: unalipa pesa halisi, hujui utapata nini, unajaribu tena. Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari. ESRB ilianza kuandika kwenye kasha kwamba gemu ina manunuzi ya ndani mwaka huohuo, na mwaka 2020 ikaongeza maelezo ya vitu vya kubahatisha. Australia tangu Septemba 2024 inazipa gemu mpya zenye masanduku ya kulipia daraja lake la M angalau (si M ya ESRB; hii haishauriwi kwa walio chini ya miaka 15), na zenye kamari ya kuigiza R18+. Ni hatua nzuri. Lakini kwa ESRB mazungumzo na watu usiowajua bado yako nje ya kipimo. Yenyewe huandika kwamba mawasiliano ya mtandaoni haijayapima. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usiishie kwenye tarakimu. Soma maneno yaliyo chini yake, kisha ingia kwenye mipangilio ya konsoli ufunge malipo na mazungumzo.

Na kwa bodi, ninachodai ni sababu zilizoandikwa na mlango wa rufaa. Machi 2021 Australia, ambayo sasa inayo R18+, iliinyima daraja Disco Elysium: The Final Cut, tena kwa ajili ya dawa za kulevya. Rufaa ilipokatwa, bodi ya mapitio ilitazama dawa hizo zinamfanya nini mhusika katika mwendo mzima wa gemu, ikaona zinamletea madhara kiasi cha kumkatisha tamaa mchezaji, na Mei ikaipa R18+. Haikubidi kubadili jina la dawa yoyote.