Gari imetoka gereji na bonde mlangoni: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Gari yangu, Toyota IST, niliipeleka gereji moja hapa mjini kubadilisha bushi za mbele na brekipedi. Asubuhi naiacha mlango wa nyuma mzima, laasiri naifuata una bonde la kuingia ngumi, fundi ananambia "ilikuja hivo hivo shehe". Basi pale pale kila anaepita ana neno lake, na mengi katika yale maneno si kweli.

"Ukishatoka getini huna lako." Haki haipotei getini, kinachopotea ni ushahidi. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, inamtaka alieachiwa mali ya mwenzake aiangalie kama mtu mwenye akili zake anavoangalia ya kwake, na gari ulioiacha gereji imo humo. Lakini ukenda zako Fuoni ukalala ukarudi kesho na picha, fundi atakwambia umegongwa na bodaboda njiani, na weye utamjibu nini? Zunguka gari kabla hujapokea ufunguo, na siku ya kuiacha piga video ya pande zote pamoja na dashibodi kilomita zionekane. Mie sikupiga. Kilichoniokoa ni mchirizi wa rangi nyekundu ndani ya lile bonde, mana jeki yao ya magurudumu ilikuwa nyekundu, nikaivuta mwenyewe mpaka mlangoni na mpini wake ukaingia pale pale. Fundi akaanza kutafuta spana ambayo hajaipoteza.

"Akisema atakupigia rangi bure, kubali, ushashinda." Hii ndo inayowaumiza watu zaidi. Bure yake mara nyingi ni pati, ule udongo wa kuzibia bonde, ya haraka juu ya bati lisilonyooshwa, msasa, rangi, haya chukua gari. Bati likishasagwa likabaki wazi kwa hewa yetu hii ya chumvi na unyevu halichelewi kushika kutu, na pati nayo inanyonya maji, kwa hiyo wakiiacha siku mbili bila praima, ile rangi ya chini ya kukinga bati, halafu wakapaka juu, kutu inaendelea kula chini kwa chini na weye unaona gari inang'ara tu. Baada ya miezi kadhaa rangi inavimba kama andazi. Bonde linatakiwa linyooshwe kwanza, pati iwe nyembamba ya kusawazisha tu. Chukua sumaku ile ya kwenye friji, ifunge kwa kitambaa chepesi isichubue, ipitishe mlangoni: ikishika vizuri pembeni halafu katikati inadondoka, hapo umepakiwa pati kama mkate wa siagi. Bampa usilijaribu, lile plastiki.

Na rangi yenyewe, eti nyeupe ni nyeupe tu. Wapi! Toyota nyeupe yenye namba ya rangi 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni lulu, ile inapigwa kwa matabaka matatu, ukipigiwa ya kawaida juani mlango mmoja unaonekana umeazimwa gari nyengine. Namba iko kwenye kibati cha gari palipoandikwa C/TR, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Mwandikie fundi hiyo namba, usimwambie "nyeupe ile ile".

Kwa hiyo unaweza kukataa wasiiguse wao, ukadai walipe fundi wa bodi unaemuamini. Chukua bei kwa mafundi wawili watatu, iandikwe, ndo uende nayo kwenye mazungumzo. Mie nilifanya hivo na hasira zikapungua pande zote mbili, mana tulianza kuzungumza hesabu badala ya matusi.

"Basi usimlipe hata senti." Hapa taratibu. Bushi kafunga na brekipedi kafunga, kazi ile ina haki yake, na sheria inamruhusu kuizuia gari mpaka alipwe alichofanya. Ukigoma kabisa unampa yeye sababu ya kukaa na ufunguo. Bora mkubaliane gharama ya mlango ikatwe kwenye bili, au ulipe na uandike kwenye risiti kwamba unalipa huku unadai uharibifu wa mlango. Kama hawana risiti, tuma kwa simu na meseji uiweke. Voisi noti ya fundi akisema "tutamalizana" nayo usiifute.

"Bima italipa." Kama umekata ile ndogo, inalipa uliomgonga weye, mlango wako haumo. Bima kubwa isome kwanza, angalia na kile kiasi unachobeba mwenyewe, isijekuwa kinapita bei ya mlango.

"Nenda polisi wamfunge." Bonde la ndani ya gereji kwa uzembe ni madai, si jinai, utapoteza asubuhi nzima. Lakini kijana wao akiitoa kwenda "kuijaribu" akaigonga barabarani, hiyo ni ajali, polisi lazima. Kwa yaliyobaki wengi tunaanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, yakishindikana yapo malalamiko ya mlaji kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na ipo mahkama.

Langu halikufika huko. Walikata kwenye bili, kilichobaki wakamlipa fundi wangu wa bodi, na mlango umekaa vizuri, ila kitasa chake sasa mpaka uvute mara mbili, na hilo sijajua nimdai nani.