Kuhamisha utenzi wa vita kuwa filamu: maana yake

Kuhamisha utenzi kuwa filamu ni kuchukua kisa kilichotungwa kwa ajili ya masikio na kukitunga tena kwa ajili ya macho. Mtunzi wa filamu hanakili beti. Anaamua nani abaki, nani aondoke na, lililo gumu zaidi, tukio gani lisababishwe na nini.

Chukua Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Ina mistari zaidi ya 15,000 katika vitabu 24, lakini haisimulii vita vyote vya Troy: ni majuma machache ya mwaka wa kumi, tangu hasira ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, hadi mazishi ya Hector, mwana wa mfalme wa Troy. Hata farasi wa mbao, ambamo Wagiriki walijificha ili kuingia mjini, hayumo. Filamu ya Troy (2004), iliyoongozwa na Wolfgang Petersen kwa muswada wa David Benioff, inaanza kabla Helen, mke wa mfalme wa Sparta, hajatoroshwa na Paris, mdogo wake Hector, na kumalizikia mji ukiteketea.

Lakini badiliko zito ni kuwaondoa miungu vitani. Kwa Homer, Paris anapambana na Menelaus, mume wa Helen, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Anazidiwa, anaburutwa kwa ukanda wa kofia yake ya vita, ndipo mungu wa kike Aphrodite anapoukata ukanda ule, anamfunika kwa ukungu na kumrudisha chumbani kwake. Kwenye filamu Aphrodite hayupo. Sasa nani amwokoe Paris? Anatambaa hadi miguuni pa kaka yake Hector, na Hector anamuua Menelaus. Menelaus huyohuyo, katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, anaonekana kwake Sparta akiishi na Helen baada ya vita! Kwa kumtoa mungu mmoja, filamu imeua mfalme na kumfanya Hector avunje makubaliano, jambo ambalo Homer hakumtwika.

Kwa hiyo anayeondoa mhusika hana budi kutafuta nani atabeba kazi yake. Pengine jibu huwa zuri. Katika utenzi, mzee Priam, mfalme wa Troy na baba yake Hector, anaongozwa na mungu Hermes hadi hemani kwa Achilles kuomba maiti ya mwanawe. Kwenye filamu, Priam, anayeigizwa na Peter O'Toole, anafika peke yake. Anasema anaijua nchi yake kuliko Wagiriki. Kisha anaibusu mikono iliyomuua Hector, kama alivyoandika Homer. Hapo naona watunzi wa filamu walipatia: ujasiri wote umekuwa wa yule mzee.