Andika NG'OMBE kabla hujanunua fonti

Kila nikifungua fonti mpya yenye herufi nene, neno la kwanza ninaloandika ni NG'OMBE. La pili ni WAWAKILISHI. Maneno haya mawili yananieleza mengi kuliko sampuli yoyote ya muuzaji.

Sampuli hizo hujivunia Q yenye mkia mrefu, na Kiswahili hakina Q. Chetu ni K, M, W, na A inayorudi kila baada ya hatua mbili. Katika herufi nene, M na W ndizo zinazomtoa mchoraji jasho, kwa kuwa mistari minne inabanwa mahali padogo. Wino ukitanuka kidogo kwenye kitambaa, MWAMBAO linakuwa doa. A na W nazo zikikaa bega kwa bega, mishazari yao huacha mwanya, na jina la mteja linasomeka kama limekatwa katikati.

Ritifaa, ile alama ya ' katika NG', ndiyo inayoniuma zaidi. Wachoraji wengi huiona kama alama ya pembeni, wakaiwekea nafasi pana pande zote mbili. Kwetu sisi imo ndani ya sauti yenyewe. Ukiandika NG'ARA kwenye bango la turubai na ritifaa ikaelea peke yake, mtu aliye kwenye foleni ya feri Likoni anasoma NG, kisha ARA. Isogeze kwa mkono mpaka ikae karibu na G. Ni kazi ya dakika moja.

Ukitaka kujifunza herufi nene, nenda Barabara ya Biashara, Mombasa, ukatazame kanga. Jina la kanga hukaa ndani ya kisanduku chake chini ya mji, yaani sehemu ya katikati, kwa herufi kubwa zisizo na madaha, nalo lazima lisomeke huku mvaaji akitembea. Tazama matundu ya A, B na O: yamebaki wazi. Tundu likiziba, unene wote hauna faida. Ndiyo maana siipendi fonti ya Impact kwa maandishi madogo, ingawa naiheshimu. Geoffrey Lee aliichora Uingereza, ikatoka mwaka 1965, kwa ajili ya vichwa vikubwa vya matangazo, na huko ndiko inakong'aa. Kwa bango refu jembamba natumia Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa, ambayo ni ya herufi kubwa tupu, au Anton ya Vernon Adams. Tangazo la Maulidi likihitaji Kiarabu na Kiswahili pamoja, naanza na Lalezar, kwani maandishi yote mawili yana uzito unaolingana.

Hizo tatu za mwisho zina leseni ya SIL Open Font License, toleo la 1.1 la mwaka 2007. Unaruhusiwa kuzitumia kibiashara, kumpa mchapishaji faili, hata kuifungua fonti ukairekebisha ritifaa. Marufuku ni kuiuza fonti peke yake, au kuliita toleo lako kwa jina ambalo mwenyewe amelihifadhi. Leseni nyingi za kulipia hazikupi ruhusa hiyo ya kurekebisha, basi uliza kabla ya kutoa pesa.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilimchorea mwenye mkahawa mmoja nembo kwa fonti niliyoipakua bure. Ndani ya faili mlikuwa na mstari mmoja: kwa matumizi binafsi tu. Sikuusoma. Vibao vilikuwa vimeshaning'inizwa nilipogundua, na leseni nikailipa mfukoni mwangu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta, na faili la fonti linaweza kuhesabiwa kuwa programu.

Leseni ya kulipia mara nyingi hugawanywa: ya kompyuta, huhesabiwa kwa idadi ya mashine; ya tovuti, mara nyingi kwa idadi ya watazamaji; na ya aplikesheni, kivyake. Wengine huitoza nembo kando. Kama hairuhusu kumpa mchapishaji faili, geuza maandishi yawe michoro kabla ya kuyatuma.

Siku hizi naandika leseni kama mstari wake kwenye ankara, na naomba inunuliwe kwa jina la mteja. Ikiwa kwa jina langu, siku atakapoajiri mbunifu mwingine atabaki na nembo tu, bila haki ya kuandika menyu mpya kwa herufi zilezile.