Siki ya chuma ni nini, na kwa nini huitia ngozi weusi

Siki ya chuma ni siki nyeupe iliyoyeyusha chuma. Mafundi huitumia kuifanya ngozi iwe nyeusi, ila kuiita rangi ni kuisingizia. Chupani haina weusi wowote. Ni maji ya kijani hafifu, au ya hudhurungi ikiwa yamekaa. Weusi huzaliwa ndani ya ngozi, pale chuma kinapokutana na tanini, ule ukakasi wa majani ya chai, magome na matunda mabichi. Aliyemenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma kinachoshika kutu, kisha akaona ubapa umepiga weusi, amekwisha kuliona jambo hili.

Ndiyo maana si kila ngozi huikubali. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome imejaa tanini. Lamu haina uhaba wa magome hayo: mikoko na mikandaa imejaa ghubani, na mwanzoni mwa karne ya 20 magome ya mikoko ya pwani hii yalipakiwa melini kwenda kutengenezea ngozi ng'ambo. Ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, ndiyo nyingi madukani, nayo haina tanini. Ukiipaka hutoka kijivu chafu au rangi ya kutu. Fundi wa makubadhi atazame ukingo uliokatwa: ukiwa na samawati ya kijivu katikati, hiyo ni kromu, ukiwa hudhurungi mpaka ndani, huenda ni ya magome. Lakini ukingo hudanganya ngozi ikiwa imetiwa rangi. Tone moja la siki ya chuma kwenye kipande cha kutupa halidanganyi: ngozi ya magome hubadilika mbele ya macho yako.

Kuitengeneza, chukua lita 1 ya siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, na gramu 30 za nyuzi laini za chuma za kusugulia. Siki kiasi hicho humaliza takriban gramu 23 za chuma; zinazozidi ni makusudi, ili asidi ndiyo iishe kwanza. Nyuzi zisizoshika kutu hazifai, hazitayeyuka. Hata zile zinazofaa hupakwa mafuta kiwandani, na mafuta huizuia siki isifike kwenye chuma, kwa hiyo zioshe kwa sabuni na maji moto, uzisuuze, uziache zikauke. Zikipata kutu kidogo si neno, na kwa unyevu wa Lamu zitapata tu. Siki ya tembo la mnazi nayo huyeyusha chuma, ila nguvu yake haipimiki na ina mashapo.

Tumia chupa ya plastiki au ya kioo, na kifuniko kiwe kimelegea. Mapovu yanayopanda ni haidrojeni: chupa iliyofungwa kabisa hupasuka, na iliyo karibu na jiko ni hatari. Baada ya wiki moja hadi mbili, harufu kali ya siki ikiwa imefifia na vipande vya chuma vimebaki chini, chuja kwa kitambaa cha pamba.

Kata, toboa na nakshi kabla ya kupaka. Ngozi hafifu kwa tanini ianze na chai: gramu 30 za majani makavu katika lita 1 ya maji, ichemshwe, ichujwe, ipoe kabisa, maana maji moto huikunja ngozi. Paka, subiri ikauke nusu, ndipo ufuatishe siki ya chuma kwa sponji, au uitose dakika 5 hadi 10. Usichanganye chai na siki kwenye chombo kimoja. Huo utakuwa wino. Weusi utakaa juu ya ngozi na kuhamia kwenye unyayo wa mvaaji, ilhali faida kubwa ya njia hii ni kwamba weusi uliozaliwa ndani hauchujuki.

Kisha suuza. Koroga kijiko kikubwa 1 cha bekingi soda katika lita 1 ya maji, ipitishe ngozi humo dakika 2 au 3, suuza tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo inayowarudia: asidi na chuma cha ziada vikibaki ndani, ngozi hukauka na kupasuka kwenye mikunjo, pengine baada ya miezi mingi. Soda ikizidi nayo huikakamaza. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo, mara mbili. Usikate tamaa kabla ya hapo. Kijivu chenye ubuluu hugeuka cheusi kinapopata mafuta. Kama bado ni kijivu, rudia chai, si siki.

Bizimu za shaba na nyuzi za kushonea zitiwe mwisho. Pamba haina tanini, kwa hiyo hupata rangi ya kutu. Tone likiangukia kanzu, lisugue kwa ndimu na chumvi kabla sabuni haijaligusa, maana sabuni huligandisha doa. Halafu nawa mikono kabla ya kurudia kazi, kwa kuwa ndimu hiyo hiyo huutoa weusi wa ngozi.