Uwiano wa Namba Ukitazamwa Kutoka Mwaloni

Wavuvi wa dagaa wa Mwanza hawahitaji mtakwimu wa kuwaambia kwamba mbalamwezi huharibu kazi. Taa zao, ziwe karabai au za sola, huvuta dagaa vizuri usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi hupumzisha mitumbwi. Hata hivyo, mwanafunzi akiandika tarehe za mwezi mwandamo, 1 hadi 29, na kando yake ndoo za dagaa zilizoshushwa mwaloni, yaani ufukoni mitumbwi inapotia nanga, kila asubuhi, kisha akakokotoa uwiano, yaani namba inayoonyesha vipimo viwili vinafuatana kwa kiasi gani, anaweza kupata jibu linalokaribia 0 na kudai kwamba mwezi hauhusiani na uvuvi.

Hesabu yake haina kosa. Kipimo cha uwiano cha mtakwimu Karl Pearson, kiandikwacho kwa herufi r, hakitoki nje ya −1 na +1, nacho hupima jambo moja tu: nukta zimejipanga kwa ukaribu gani na mstari ulionyooka. Dagaa hupungua kuelekea katikati ya mwezi kisha huongezeka tena, hivyo nukta hufanya umbo la bakuli, na mteremko wa nusu ya kwanza hufutwa na mpando wa nusu ya pili. Ndiyo maana huwasihi wanafunzi wangu wachore grafu kabla ya kugusa kikokotoo.

Tukiacha tarehe, tukahesabu siku zinazoutenga usiku husika na mwezi mpevu, bakuli hukunjuka, na hapo rigresheni, yaani kutafuta mstari wa kutabiri kipimo kimoja kutokana na kingine, hupata kazi. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, mstari umetoka hivi: ndoo = 4 + 3 × siku. Hiyo 4 ni ndoo zinazotarajiwa usiku wa mwezi mpevu wenyewe, na 3 ni ongezeko la wastani kwa kila siku moja ya umbali. Usiku ulio umbali wa siku 5 na mwezi mpevu tunatarajia ndoo 19. Zikija 16, pengo la ndoo 3 huitwa salio. Mstari unaochaguliwa ni ule ambao masalio yake, kila moja likizidishwa kwa lenyewe, hutoa jumla ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote, njia aliyoichapisha mwanahisabati Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805. Kuutumia kutabiri umbali wa siku 40 ni upuuzi, kwa kuwa hakuna usiku ulio mbali hivyo na mwezi mpevu.

Mauzo ya mama lishe wa mwaloni nayo hudorora wavuvi wanapopumzika, kwa hiyo uwiano wake na ndoo za dagaa unaweza kukaribia 1. Lakini mama lishe huyo akiongezewa mtaji akapika chapati maradufu, ziwa halitatoa dagaa zaidi hata kibaba kimoja.